Ng'ombe wa Jumamosi

Pauline alimaliza kukamua kabla jua halijaanza kuchoma. Akaweka ndoo pembeni, akaanza kumpapasa Madoa shingoni na nyuma ya masikio. Alipopata kupe alimng'oa, akamtia kwenye kikopo cha mafuta ya taa. Kupe walikuwa wengi. Wengine walikuwa wadogo kama punje za wimbi. Wengine walikuwa wamevimba damu.

"Leo umetoa wangapi?" aliuliza mumewe, Maroa.

"Niliacha kuhesabu," Pauline alijibu. "Nikihesabu nakasirika bure, na kupe hawaogopi hasira yangu."

Maroa hakucheka. Zamani boma lake lilikuwa na ng'ombe wanne. Maksai wake wawili wa kulima walikufa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Ndama naye akafa. Sasa alibaki Madoa peke yake, tena ana mimba. Maziwa yake ndiyo yaliyotiwa kwenye uji wa Joash, mtoto wao mdogo. Madoa akifa, Joash angekunywa uji mkavu. Na Maroa, Mkuria, angekaa kwenye boma lisilo na hata kwato moja. Jambo hilo lilimwumiza kuliko alivyoweza kusema.

Haya yalitokea mwaka wa 1995, katika kijiji cha Kamrongo. Kijiji hicho kiko upande wa Migori, si mbali na barabara ya kwenda Kehancha. Katikati unapita mto mdogo. Ng'ambo moja wanakaa zaidi Wajaluo. Ng'ambo ya pili wanakaa zaidi Wakuria. Walisalimiana vizuri sokoni, kwa Kiswahili. Walinunuliana mahindi na samaki. Lakini ng'ombe akipotea, Wajaluo walisema ni Wakuria. Kijana wa Kikuria akipigwa njiani, Wakuria walisema ni Wajaluo. Hakuna aliyejisumbua kuuliza zaidi.

Josho la kuogeshea ng'ombe lilikuwa moja tu. Ni shimo refu la saruji lenye maji na dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anaruka upande huu, anaogelea, anatokea upande ule. Ardhi ya josho ni mali ya baraza la kaunti, yaani ni ya wananchi wote. Zamani serikali iliendesha josho yenyewe, kisha ikaliacha mikononi mwa kamati ya wananchi. Wanakamati wote walikuwa Wajaluo. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Elkanah.

Kamati ilipanga hivi: Jumanne ni siku ya Wajaluo, Jumamosi ni siku ya Wakuria. "Kila kabila na siku yake," Elkanah alisema, "tusigombane." Watu wengi waliitikia kwa kichwa. Mimi nawaambia, ubaguzi mwingi huingia hivyo. Ukiusikiliza harakaharaka, unaweza kudhani ni haki.

Maana Wakuria wengi wa Kamrongo walikuwa Wasabato. Maroa alikuwa mmoja wao. Msabato hafanyi kazi Jumamosi. Elkanah alilijua hilo vizuri sana, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa lilelile la Waadventista. Yeye alikaa benchi la mbele. Maroa alikaa nyuma yake.

Kwa hiyo kila Jumamosi Maroa alimwomba jirani yake Gichana ampeleke Madoa. Gichana ni Mkuria kama yeye, lakini kanisani haendi.

Jumamosi moja jioni, Gichana alimrudisha Madoa akiwa na matope mgongoni.

"Dawa ilikuwa namna gani?" Maroa aliuliza.

"Dawa gani, mura?" alisema Gichana, akitumia neno la Kikuria la kumwita kijana mwenzake. "Hiyo ni maji ya kuosha vyombo. Jana wamejaza maji ya mto hapo ndani, mapipa kwa mapipa. Sikusikia hata harufu ya dawa. Mimi nakwambia, hao watu wanataka ng'ombe zetu ziishe."

Kesho yake Maroa alivuka mto kwenda kwa Elkanah. Mzee alikuwa amekaa kivulini, anachonga mpini wa jembe. Mkewe, Mama Risper, alileta kiti na chai.

"Jaduong'," Maroa alianza kwa heshima, kama Wajaluo wanavyowaita wazee wao. "Nimekuja kuomba. Mimi ni Msabato kama wewe. Nipe nafasi Jumanne. Ng'ombe yangu ni moja tu."

Elkanah aliendelea kuchonga. "Nikikubalia wewe, Jumanne ijayo watakuja hamsini."

"Si waje? Ni ng'ombe."

"Na wakati wa kurudi? Ng'ombe zikichanganyika hapo, nani atajua ya nani imeenda wapi?"

Maroa aliweka kikombe chini. "Unasema mimi ni mwizi?"

"Sijasema wewe."

"Umesema nani?"

Elkanah aligeuza mpini, akachonga upande wa pili. Mama Risper alitazama chini. Maroa alisimama, akasema asante kwa chai ambayo hakuinywa, akaondoka.

Sabato iliyofuata ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Kabla ya mkate na divai, Waadventista huoshana miguu wawili wawili, kuonyesha unyenyekevu. Wanaume hukaa upande wao na wanawake upande wao. Mashemasi walileta makarai ya maji na taulo.

Elkanah alichukua karai, akapita watu wote, akaja hadi kwa Maroa. Akapiga magoti. Nafikiri alitaka kupatana bila kuzungumza. Wengi wetu tungependa iwe rahisi hivyo.

"Vua viatu, ndugu," alisema.

"Sivui."

"Maroa, watu wanaangalia."

"Waangalie. Miguu yangu ni safi, Mzee. Ng'ombe yangu ndiyo haijaoshwa."

Mtu mmoja alibaki ameshika mguu wa mwenzake, maji yakichuruzika. Mchungaji Dishon alisikia, akaja. Mchungaji huyu ni Mjaluo, mtu wa Rangwe, mfupi na mwenye sauti kavu. Hakuwa amekaa Kamrongo muda mrefu.

"Kuna nini?" aliuliza.

Maroa akaeleza yote, habari ya Jumanne, ya Jumamosi, ya maji ya mto, na ya maksai wake waliokufa. Hakupaza sauti.

"Pasta, mambo ya ng'ombe si ya kanisa," mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

"Yamekuwa ya kanisa sasa hivi," alijibu mchungaji. "Yako ndani ya hii karai." Akamgeukia Elkanah. "Jaduong', wewe unaweza kupeleka ng'ombe yako josho Jumamosi?"

"Hapana, Pasta. Ni Sabato."

"Basi hiyo siku uliwapa wenzako, wewe mwenyewe ungeikubali?"

Elkanah alibaki magotini, ameshika taulo.

"Shemasi," mchungaji alisema, "rudisha mkate. Leo hatuli. Hatuwezi kula pamoja hapa, halafu huko nje mmoja anaogesha ng'ombe na mwingine anazika."

Hapo fujo ikazuka kanisani. Wengine walitoka nje bila kuimba wimbo wa mwisho. Kijana mmoja wa Kijaluo alisema mchungaji amenunuliwa na Wakuria. Wakuria nao walikusanyika nje ya uzio, na Gichana akaja kuwasikiliza.

"Mmeona? Hata kanisani hamuwezi kula nao," alisema Gichana. "Mimi nimechoka kuomba. Jumanne tunapeleka ng'ombe zetu. Na tunabeba mishale. Atakayefunga lango atajua."

Vijana wakamwitikia. Maroa hakusema ndiyo, wala hakusema hapana.

Alipofika nyumbani alimkuta Pauline amesimama karibu na Madoa, kamshika pembe.

"Baba Joash, njoo. Amekataa nyasi. Na anakohoa."

Maroa aliweka kiganja kwenye sikio la Madoa. Lilikuwa moto kabisa. Hivyo ndivyo maksai wake walivyoanza. Akaingia ndani, akatoka na upinde wa baba yake.

"Unaenda wapi na hiyo?" Pauline aliuliza.

"Ni ya Jumanne. Naitengeneza."

"Mshale utaponya kikohozi?"

"Pauline, usinichokoze."

"Sikuchokozi. Nakuuliza. Ukimpiga mtu mshale, Jumatano polisi wako hapa. Mimi nabaki na mtoto, bila wewe na bila ng'ombe. Niambie mimi nitafanya nini."

Maroa alikaa chini na upinde mapajani.

Jumatatu asubuhi mchungaji Dishon alifika kwa baiskeli.

"Twende Migori," alisema. "Kanisa haliwezi kutoa amri kwa josho. Hiyo ardhi ni ya baraza la kaunti. Lakini kanisa linaweza kugonga mlango, na likakataa kuondoka."

"Umemwambia Mzee Elkanah?"

"Nimempitia. Amekataa kuja."

Waliacha baiskeli barabarani, wakapanda gari hadi mjini. Ofisini walimkuta kaunsela wa eneo lao, mwanamume mnene aliyejifuta jasho kila mara. Aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akafunga mlango.

"Pasta, niseme ukweli," alisema. "Hiyo kamati imekosea. Mali ya baraza haigawanywi kwa kabila. Mwananchi ni mwananchi. Lakini kura zangu nyingi ziko ng'ambo ya Elkanah. Nikienda peke yangu, watasema nimeuza josho kwa Wakuria."

"Hutaenda peke yako," alisema mchungaji. "Mimi ni Mjaluo. Nitasimama na wewe mbele yao. Na watu wa kanisa, wa pande zote mbili, watakuja. Wewe lete sheria. Sisi tutaleta watu, na watakuja bila silaha."

Maroa alikohoa. "Kuna wengine watakuja na silaha," alisema polepole.

Kaunsela aliacha kujifuta jasho. "Lini?"

"Kesho."

"Kina nani?"

Gichana alikuwa jirani yake, ndiye aliyempelekea ng'ombe. Kulisema jina lake mbele ya serikali kulikuwa kama kumfunga kamba.

"Nisikutajie mtu," alisema. "Fanya mkutano kesho hapo josho, asubuhi kabisa. Mimi nitaongea na wao."

Kaunsela akakubali. Akaita chifu, kisha akamwita ofisa wa mifugo wa wilaya. Alikuwa mwanamke wa Kikisii aitwaye Nyanchoka. Kabla ya kuletwa Migori alikuwa amefanya kazi upande wa Oyugis. Hakuwa mtu wa maneno laini.

"Ng'ombe yako inakohoa tangu lini?" alimwuliza Maroa.

"Tangu juzi."

"Na wewe umekaa hapa unaongea siasa? Panda pikipiki twende."

Walipofika bomani, Nyanchoka alimpima Madoa joto. Akamshika chini ya sikio na mbele ya bega.

"Weka mkono hapa," alimwambia Pauline. "Unasikia uvimbe? Hiyo ni tezi. Ikivimba hivi, na ng'ombe ana joto, hiyo ni ndigana. Usingoje kikohozi. Usingoje povu puani. Siku hiyo hiyo mwite daktari wa mifugo."

"Sisi tulikuwa tunachoma tezi na chuma cha moto," alisema Maroa.

"Mlikuwa mnaumiza mgonjwa. Chuma hakiingii kwenye damu." Akamdunga Madoa sindano. "Nikisema atapona, nitakudanganya. Mko karibu kuchelewa. Mpe maji, mweke kivulini, mngoje."

Jioni hiyo Maroa alikwenda kwa Gichana. Walizozana hadi sauti zikasikika kwa majirani. Gichana alimwita mwoga, akamwambia amekuwa mke wa mchungaji. Maroa alivumilia. Mwishoni Gichana alisema, "Nitakuja, nitasikiliza. Lakini upinde nakuja nao."

Jumanne asubuhi, ukungu ulikuwa haujainuka mtoni. Wakuria walikuja na ng'ombe wao, wakasimama kwenye mwinuko. Wengine walikuwa na pinde. Langoni mwa josho walisimama vijana wa Kijaluo, wenye marungu na mapanga, na Mzee Elkanah nyuma yao. Chifu alikuwa na askari wawili tu, na wote wawili walionekana wangependa kuwa mahali pengine.

Kati ya pande hizo mbili walisimama watu wa kanisa. Mchungaji alikuwa amewapanga kwa kuchanganya, Mjaluo na Mkuria. Mama Risper alikuwapo. Alikuja bila kumwomba mumewe ruhusa. Pauline alisimama kando yake, Joash mgongoni. Walishikana mikono. Waliogopa sana. Jiwe moja tu likirushwa, wao ndio lingewapata kwanza.

Kaunsela alianza kusoma sheria, lakini sauti yake ilikatika. Kijana mmoja akapiga kelele, "Umelipwa ng'ombe ngapi?" Watu wakasogea. Mwinukoni Gichana akavuta mshale kutoka kwenye podo.

"Nani hupita kwanza hapa?" Nyanchoka aliuliza kwa sauti kubwa. Alikuwa amevaa gambuti, amesimama ukingoni mwa josho. Swali lilikuwa la ajabu, watu wakanyamaza.

"Ng'ombe za mwenyekiti," mtu alijibu.

"Zinapita mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na kabla hazijapita, mnakoroga?"

"Kukoroga nini?"

Nyanchoka alichota maji ya juu kwa ndoo. Yalikuwa maangavu. Kisha akazamisha mti mrefu hadi chini, akakoroga kwa nguvu, akachota tena. Safari hii yalitoka mazito, meupe, na harufu ya dawa ikawafikia hata wale wa langoni.

"Dawa hii hulala chini," alisema. "Kama hamkorogi, ng'ombe wa kwanza wanaoga maji tu. Lazima mkoroge, halafu wale wachache wa kwanza wapite mara ya pili. Sasa niambieni, Ijumaa nani hujaza maji?"

"Kamati," alijibu Elkanah. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku hiyo. "Maji yakipungua chini ya alama ya ukutani, tunaongeza."

"Maji na dawa?"

"Maji. Dawa tunaweka Jumatatu. Ni ya wiki."

"Nani alikuambia ni ya wiki? Kila ng'ombe anayepita anaondoka na dawa kwenye manyoya. Ukiongeza maji lazima uongeze dawa, kwa kipimo. Hao wa Jumamosi mlikuwa mnawaogesha kwa mto."

Wakuria walinguruma. Gichana alishuka hatua chache kutoka mwinukoni. "Nilisema! Nilisema wanatuua!"

"Bado sijamaliza," Nyanchoka alisema. "Mzee, lete ndama wako."

Ndama wa Elkanah aliletwa. Alikuwa na manyoya yaliyosimama, na machozi machoni. Nyanchoka akamshika chini ya sikio. Akamwita Elkanah, akauchukua mkono wake, akauweka pale.

"Ni ndigana," alisema. "Imekuja kwako pia. Wewe wa kwanza, na wao wa mwisho, nyote mlikuwa mnaogesha maji. Na ng'ombe wa pande zote wanakula nyasi pamoja hapo mtoni. Kupe wa ng'ombe wa Maroa anaanguka kwenye nyasi, anapanda wako."

"Nilikuambia huyu ndama ni mgonjwa!" Mama Risper alilia. "Ukasema ni baridi!"

Vijana wa langoni waliangaliana. Panga moja liliteremka, kisha jingine. Kaunsela alipata sauti yake tena. Alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo hakuna siku ya kabila. Josho litafunguliwa Jumanne kwa watu wote, na anayefika kwanza apite kwanza. Kamati itachaguliwa upya palepale, nusu ng'ambo hii na nusu ng'ambo ile. Kanisa litatuma mtu wa kuangalia kila Jumanne, na ofisa wa mifugo atapima dawa. Wakikataa, baraza litafunga josho.

Elkanah aliinua mkono. "Mimi nakubali. Kwa vile daktari ameeleza, nakubali."

"Mzee, ngoja," alisema Pauline.

Watu wote walimgeukia. Katika mkutano kama huo wanawake hawakuzoea kuongea. Alimsogeza Joash mgongoni.

"Nakuuliza mbele ya watu. Kama ndama wako hangeugua, ungekubali?"

Mchungaji hakumsaidia. Kaunsela hakumsaidia. Elkanah aliutazama mkono wake uliokuwa bado shingoni mwa ndama.

"Singekubali," alisema.

Mwinukoni mtu alitukana. Elkanah aliendelea, sauti yake ikikwaruza.

"Siku ile tulipanga, nilijua mnatunza Sabato. Nilisema moyoni, hata wakikosa, ni ng'ombe za wizi. Nilisema hivyo. Na nilikuwa naimba na nyinyi kanisani. Ilikuwa makosa hata kama ndama wangu angekuwa mzima."

Maroa alihisi hasira ikimpanda. Maksai wake wawili. Ndama wake. Alikuwa anajua tangu mwanzo kwamba Elkanah alifikiri hivyo, lakini kulisikia kulikuwa jambo lingine. Alimtazama Gichana. Mshale ulikuwa bado mkononi mwa Gichana.

"Rudisha hiyo," Maroa alimwambia. "Amesema ukweli. Sasa tunaweza kuongea."

Gichana akarudisha mshale kwenye podo, akatema mate chini, akaenda kuwapanga ng'ombe wake foleni.

Siku hiyo waliogesha hadi mchana. Ndama wa Elkanah alidungwa sindano, lakini alikufa wiki hiyo hiyo. Madoa alikaa bila kula, akapumua kwa shida, kisha asubuhi moja akaanza kulamba chumvi. Pauline alimwona, akakaa chini pale pale kwenye matope, akalia. Hakuwa amelia kwa ajili ya wale waliokufa. Sabato iliyofuata mkate uliliwa kanisani. Si wote waliorudi, lakini wengi walirudi.

Madoa alizaa ndama jike kabla ya mavuno. Siku hizo Maroa alikuwa katika kamati mpya, naye ndiye aliyetunza ufunguo wa stoo ya dawa. Wengine wa ng'ambo ya mto hawakupenda, na walisema hivyo waziwazi. Lakini kupe walipungua pande zote mbili, na jambo hilo hata wao waliliona.

Jumanne moja mawingu yalikuwa yamejaa upande wa ziwa. Foleni ilikuwa ndefu. Wa mwisho kufika alikuwa Mzee Elkanah. Ng'ombe wake mmoja alikuwa ameumia kwato, wakachelewa njiani. Zamu yake ilipofika, watu wengi walikuwa wameondoka. Maji ya josho yalikuwa yamepungua chini ya alama.

Gichana alimsogelea Maroa. "Tia maji peke yake, mura," alinong'ona. "Wacha apite. Hata yeye ajue vile tulisikia."

Maroa alikuwa na ufunguo mfukoni. Mtu wa kanisa aliyeangalia josho alikuwa amekwenda zake kwa kuogopa mvua. Nyanchoka hakuwapo. Hakuna ambaye angemzuia. Maroa aliwakumbuka maksai wake, jinsi walivyolala na povu puani. Alisimama bila kusogea, na Gichana akaanza kutabasamu.

Elkanah alikuwa ameliona lile pengo chini ya alama. Alikuwa pia amemwona Gichana akinong'ona. Alisimama nyuma ya ng'ombe wake, kofia mkononi, akingoja kuona atakachotendewa.

"Baba Joash," Gichana alisema, "mvua inakuja."

"Naiona."

Maroa akaenda stoo, akafungua, akatoka na dawa na kipimo. Akamimina maji hadi kwenye alama, akapima dawa mara mbili kuhakikisha, akachukua ule mti mrefu, akakoroga tangu mwanzo wa josho hadi mwisho wake. Mikono ilimwuma. Gichana alimtazama kidogo, akaguna, kisha akashika upande wa pili wa mti.

"Haya, Jaduong'," Maroa aliita. "Lete ng'ombe."

Elkanah alivaa kofia yake. Alimpiga ng'ombe wa mbele kofi la mgongo, na ng'ombe akaruka ndani ya dawa.